Tunafuga ng'ombe wa maziwa Pongwe: je, familia yetu ianze kutengeneza jibini?

Binti wa Pongwe

Shikamooni wakubwa zangu, na salamu kwa wafugaji wenzangu wote. Ninaishi na wazazi wangu na kaka yangu Pongwe, nje kidogo ya jiji la Tanga. Tunafuga ng'ombe chotara wa Friesian na mmoja mwenye damu ya Jersey. Kwa sasa wanaokamuliwa ni watano, na kwa siku, asubuhi na jioni, tunapata lita 40 hivi. Ng'ombe wetu hawatoki zizini. Tunawakatia majani ya tembo na lukina, na kuwaongezea pumba za mahindi na mashudu ya nazi. Maziwa ya asubuhi tunayapeleka kituo cha kukusanyia, na ya jioni mama huwauzia majirani baada ya kutoa ya chai ya nyumbani.

Shida yetu inakuja wakati wa masika. Majani yakishamiri, maziwa huongezeka kwa kila mfugaji kwa wakati mmoja, bei inashuka, na kuna siku tunaambiwa kwamba tangi limejaa, keni zinarudi nyumbani na jua limekwisha kuwa kali. Mtindi tunagandisha, lakini wanunuzi wake ni wale wale na hawaongezeki kwa sababu sisi tumepata maziwa mengi. Kaka amependekeza tutengeneze jibini yetu wenyewe, akisema kwamba jibini hukaa na haimlazimishi mtu kuiuza siku ile ile. Yeye anaitaka ile ngumu ya mduara, aina ya gouda, kwa kuwa ndiyo anayoiona ikiuzwa kwa bei kubwa. Baba amekubali kwa shingo upande. Mama ameuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu lake: kazi hiyo ataifanya nani, na saa ngapi?

Ninaomba wenye uzoefu watueleze maisha ya nyumba inayofuga na kutengeneza jibini yakoje kweli, na kama kwa joto hili la pwani jambo lenyewe linawezekana.

Mama wa Muheza

Marahaba, mwanangu. Mama yako ameanzia pale panapostahili, nami nitaanzia hapo hapo.

Nyumba ya ng'ombe wa maziwa ina saa zake hata kabla ya jibini kuingia. Kwetu kukamua ni saa 11 alfajiri, na tena saa 10 jioni. Katikati kuna kukata majani, kuyachanja, kusafisha zizi, kubeba maji na kumwangalia ndama. Jibini haipunguzi hata moja kati ya kazi hizo. Inaongeza kazi nyingine ya karibu nusu siku, tena kazi ambayo huwezi kuiacha katikati ukaenda sokoni. Maziwa yakishatoka zizini yanachujwa, yanapashwa moto hadi nyuzi 63 na kushikiliwa hapo kwa dakika 30, kisha yanapoozwa hadi nyuzi 32 au zaidi kidogo ndipo yatiwe kimea, yaani vijidudu vizuri vya kuyachachusha, na baadaye reneti ya kugandisha. Kutoka hapo unasubiri dakika 30 hadi 45. Wakati huo mikono imepumzika, lakini macho hayapumziki.

Nieleze hapo kwa karibu, kwa sababu ndipo mtu anapojua kama siku yake imefaulu. Mgando uliokomaa unaujua kwa kisu. Unakichoma kwa mshazari, unakiinua taratibu, na mgando unapasuka kwa mstari mmoja ulionyooka, na ndani ya ule mpasuko yanajaa maji maangavu yenye rangi kati ya kijani na manjano. Maji yakiwa meupe kama maziwa, bado, subiri. Ukiukata ukiwa bado mchanga, mafuta yanakimbia na maji, na jibini inayobaki ni kidogo na kavu. Ukikomaa, unakatwa vipande vya ukubwa wa sentimita moja hivi, kisha unakorogwa polepole, kwa mkono wa mtu asiye na haraka. Mimi humpa kazi hiyo mkwe wangu, kwa sababu ana subira kuliko sisi wote, na tofauti inaonekana kwenye mizani.

Sasa jibu la swali la mama yako. Kazi ya jibini inahitaji mtu mmoja ambaye asubuhi ile haendi zizini kabisa baada ya kukamua. Anaoga, anavaa nguo safi, anafunga nywele, na hashiki samadi mpaka amalize. Familia isiyoweza kumtoa mtu huyo isianze, au ianze kwa siku mbili za wiki tu, maziwa ya siku nyingine yaendelee kwenda kituoni. Sisi tulichagua njia hiyo ya siku mbili na mpaka leo hatujaiacha, kwa sababu misiba, harusi na mikutano ya vikoba haiishi, na mtu akishatia reneti kwenye maziwa hawezi kusema anakwenda kuzika halafu atarudi.

Liko jambo lingine ambalo watu hawalisemi mbele za watu, nami nitalisema. Katika nyumba nyingi za huku kwetu maziwa ya asubuhi ni ya baba, yana kitabu chake kituoni na malipo yake ya mwisho wa mwezi. Ya jioni ni ya mama. Hayo ndiyo yanayonunua sabuni, daftari za watoto, mboga, na hisa ya kikoba. Jibini ikianza, inayatazama maziwa ya jioni kwanza, kwa kuwa ndiyo yasiyo na kitabu. Mwanangu, kabla hamjanunua hata sufuria, kaeni chini mkubaliane maziwa ya mama yakiingia kwenye jibini yeye atalipwaje, na lini. Nimeona nyumba ambayo jibini ilikuwa nzuri, wateja walikuwepo, na kazi ikafa kwa sababu mama wa nyumba alikuwa anafanya kazi mara mbili na mkononi hashiki kitu. Hakuna ufundi unaotibu hilo.

Kuhusu aina ya jibini, mwambie kaka yako aiweke gouda pembeni kwa sasa. Kwa joto letu anzeni na zinazoliwa mbichi: paneer, yaani jibini laini ya Kihindi, mozzarella, ile inayovutika ya kwenye piza, na ile nyeupe inayohifadhiwa ndani ya maji ya chumvi.

Afisa mifugo mstaafu

Ninaunga mkono maneno ya mama wa Muheza, na ninaomba kuongeza upande wa ng'ombe, kwa sababu jibini mbaya huanza kuharibika zizini.

Kwanza ni kiwele. Kila anapokamuliwa ng'ombe, michirizi ya kwanza ya kila chuchu ikamuliwe kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi, na mkamuaji aitazame. Akiona vibonge au majimaji, maziwa ya ng'ombe huyo yasichanganywe na mengine. Maziwa ya kiwele kinachouma huganda kwa shida na kutoa mgando laini usioachia maji, hata ukiongeza reneti. Ugonjwa uliojificha hauonekani kwa macho. Unahitaji kile kipimo cha sahani yenye visahani vinne na dawa yake, ambacho maduka mengi ya dawa za mifugo huuza.

Pili ni dawa za sindano, na hapa ninasisitiza. Ng'ombe aliyechomwa antibayotiki, iwe ni kwa ugonjwa wa kiwele au kwa ndigana, homa inayoletwa na kupe, maziwa yake yana muda wa kuachwa ulioandikwa kwenye chupa ya dawa. Anayepeleka maziwa kwa majirani akipuuza muda huo anawadhuru wao. Anayetengeneza jibini anawadhuru wateja na kujidhuru mwenyewe papo hapo, kwa sababu dawa inaua kimea. Kimea kikifa, maziwa hayachachuki, vijidudu vibaya vinapata nafasi, na jibini inavimba na kujaa matundu madogo madogo yenye harufu. Pwani yetu ina kupe wengi na ndigana kali haijatuacha, kwa hiyo dawa zitatumika tu. Dawa yake ni daftari zizini: jina la ng'ombe, tarehe ya sindano, tarehe ya kuanza tena kutumia maziwa. Anayekamua asome daftari hilo kabla ya kushika ndoo. Kuogesha kwa ratiba na chanjo ya ndigana kali hupunguza sindano nyingine nyingi, na mfugaji wa jibini ananufaika mara mbili.

Tatu, dang'a, maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyetoka kuzaa, isiingie kwenye jibini kwa namna yoyote. Ni haki ya ndama, tena inavuruga mgando.

Nne, msitengeneze jibini kwa maziwa yasiyopashwa moto, hata kama mtasikia kwamba nchi za Ulaya zipo jibini za namna hiyo. Ugonjwa wa kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe hupita kwenye maziwa mabichi, na jibini mbichi haiwezi kuviua vijidudu vyake. Nyuzi 63 kwa dakika 30 ndiyo kinga, na dakika hizo zihesabiwe kwa saa.

Kuhusu mapato, binti amesema wanapata lita 40. Kwa maziwa ya chotara wa Friesian, lita 10 hutoa kilo 1 hivi ya jibini ngumu. Paneer hubaki na maji mengi zaidi, hivyo lita 10 zinaweza kufika kilo 1 na nusu. Huyo mwenye damu ya Jersey maziwa yake yana mafuta na protini nyingi zaidi, na mtaiona tofauti kwenye mizani. Mashudu ya nazi nayo yanasaidia. Kabla ya kupanga bei, kila kilo ya jibini ngumu ibebe kwanza bei ambayo kituo kingewalipa kwa lita 10, kisha kuni au gesi, kimea, reneti, chumvi, vifungashio, usafiri, na ujira wa yule mtu aliyetajwa na mama. Ikibaki chochote, hiyo ndiyo faida. Nimewaona watu wakilinganisha bei ya kilo ya jibini na bei ya lita moja ya maziwa na kujiona matajiri.

Vyakula vyenye harufu kali wapeni ng'ombe baada ya kukamua, si kabla, kwa sababu harufu hupita mpaka kwenye maziwa. Na maziwa yabebwe kwenye keni za aluminiamu au za chuma kisichoshika kutu. Dumu la plastiki lina mikwaruzo ndani ambayo hakuna brashi inayoifikia.

Mkulima wa Lushoto

Nimesoma kwa makini, nami ninataka kumtetea kaka kidogo, kisha nimkatishe tamaa kidogo.

Hoja yake kwamba jibini ngumu hukaa ni ya kweli, na ndiyo sababu watu waliitengeneza tangu zamani, kuyaweka maziwa ya wakati wa neema yaliwe wakati wa uhaba. Maziwa mengi ya masika yangefaa sana kwa kazi hiyo. Lakini gouda ni ya Uholanzi, nchi ya baridi, na hata uhusiano wetu wa Tanga na Waholanzi, ambao ulituletea mradi wa ng'ombe wa maziwa tangu miaka ya 1980, haukuweza kutuletea hali yao ya hewa. Jibini hiyo ikishakandamizwa na kulala kwenye maji ya chumvi, inahitaji kukaa wiki 4 kwa uchache, penye nyuzi 10 hadi 14, na hewa yenye unyevu usiopungua asilimia 80. Unyevu Pongwe mnao wa kutosha. Joto ndilo linalowashinda, kwa sababu bila chumba cha baridi jibini itatoa jasho la mafuta, ganda litashika ukungu wa kila rangi, na ndani itachacha.

Huku kwetu Usambara, mji wa Lushoto uko mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai mtu halali bila blanketi. Ndiyo maana jibini ya Irente, shamba lililo karibu na mji huo, imejulikana kwa wageni kwa miaka mingi. Hata hivyo, hata sisi tunategemea chumba chenye kuta nene kilichochimbwa kwenye mteremko, na miezi ya joto tunaongeza mashine. Kila jibini inageuzwa, inafutwa kwa kitambaa chenye maji ya chumvi, inarudishwa ubaoni upande wa pili. Ni kazi ya kila siku, Sikukuu ya Idi na Krismasi zikiwemo.

Chumba cha baridi kwa Pongwe maana yake ni umeme wa saa 24 na jenereta ya kuusaidia ukikatika. Msijenge hicho kwanza. Jengeni wateja wa jibini mbichi, kisha hesabu zenyewe zitamwambia kaka kama gouda inalipa.

Binti wa Pongwe

Ninawashukuru sana. Nimeyasoma majibu yote kwa sauti jana baada ya Isha, na mama aliposikia habari ya maziwa ya jioni alinyamaza, kisha akasema nimwombe mama wa Muheza aeleze wao walikubaliana vipi. Baba naye ana swali lake. Anauliza reneti hiyo inatokana na nini, kwa sababu amesikia kwamba inatolewa tumboni mwa ndama, na hataki kuuza kitu ambacho majirani zake watakuwa na shaka nacho. Mimi nauliza maji yanayobaki tuyafanyeje, na tuanzie ofisi gani.

Mama wa Muheza

Msalimie mama, na mwambie nimemsikia.

Kwetu tulikubaliana kwamba kila lita ya jioni inayoingia kwenye sufuria ya jibini inanunuliwa, kwa bei ile ile ambayo jirani angelipa, na inalipwa siku hiyo hiyo jioni, jibini iuzwe isiuzwe. Fedha hiyo inatoka kwenye sanduku la jibini, ambalo lina daftari lake. Faida ikipatikana mwisho wa mwezi inagawanywa, na anayekaa jikoni anapata fungu lake kwanza. Mzee wangu mwanzoni aliona kwamba tunajiuzia wenyewe maziwa yetu. Alipoona daftari linaonyesha wazi mwezi gani jibini imelipa na mwezi gani haikulipa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulidai kila mwisho wa mwezi.

Baba yako ana haki ya kuuliza. Reneti ya asili hutoka tumbo la nne la ndama anayenyonya, na anayeitaka hiyo lazima ajue ndama alichinjwaje. Lakini madukani ipo reneti inayotokana na kuvu, isiyo na kitu cha mnyama ndani yake, na sisi tunatumia hiyo tu. Wateja wetu Waislamu wameridhika, na Wahindi wasiokula nyama, ambao ni wanunuzi wazuri mno wa paneer pale mjini Tanga, hawaulizi mara ya pili. Andikeni aina ya reneti kwenye lebo yenu. Na kwa paneer swali lenyewe halipo, kwa sababu haina reneti kabisa. Maziwa yanapashwa mpaka karibu na kuchemka, nyuzi 85 hadi 90, yanaepuliwa, yakipoa kidogo yanatiwa maji ya ndimu au siki polepole huku mkikoroga, mpaka mgando ujitenge na maji yawe maangavu. Mnachuja kwa kitambaa cheupe cha marekani, mnakunja, mnaweka uzito juu yake, na kabla ya Adhuhuri iko tayari. Ndiyo maana ninapenda familia ianze nayo, kwa kuwa inafundisha usafi, joto na mizani bila kuwatia gharama ya kimea.

Mkiizoea, nendeni kwenye mozzarella. Wauza piza na hoteli wanaitafuta, na hawataki iliyokaa. Mgando wake mkishaukata na kuuchuja mnauacha uchachuke, halafu mnachukua kipande kidogo na kukichovya kwenye maji ya moto ya nyuzi 80 hivi. Kikivutika bila kukatika na uso wake ukang'aa, mgando wote uko tayari kukandwa. Kikikatika, subirini tena nusu saa na mjaribu upya. Vaeni glavu nene.

Ya chumvi, ile nyeupe, ndiyo itakayowasaidia siku za masika zikija na maziwa mengi, kwa kuwa ndani ya maji ya chumvi na kwenye friji ya kawaida inakaa wiki kadhaa. Maji yake yasiwe matupu. Changanyeni maji yaliyotoka kwenye mgando wenyewe, la sivyo uso wa jibini utalainika na kuwa utelezi.

Maji ya mgando ni mengi, kwa kila lita 10 mtabaki nayo karibu 9, na msiyamwage mfereji wa jirani kwa sababu yananuka baada ya siku moja. Ndama wakubwa na ng'ombe wanayanywa mkiwazoesha kidogo kidogo, na pumba za kuku zikilowekwa humo zinaliwa zote. Ya paneer, kwa kuwa yana ndimu, punguzeni.

Ofisi: anzeni SIDO Tanga, shirika la viwanda vidogo. Mkiwaeleza kazi yenu watawaelekeza kwenye mafunzo na kuwapa barua ya kwenda TBS, shirika la viwango, ambao ndio wanaokagua jengo na bidhaa ya chakula. Bodi ya Maziwa nao wanasajili wasindikaji, hata wadogo. Halmashauri ni leseni ya biashara na upimaji wa afya wa wote wanaoshika jibini. Pia mko karibu na chuo cha mifugo cha Buhuri. Mtu mmoja wa nyumba yenu, na kwa maoni yangu awe ni yule atakayekaa jikoni, aende akaulize kama wana mafunzo ya usindikaji yanayomfaa.

Na kabla ya vyote nunueni kipimajoto kizuri, tena kiwe cha chuma. Cha kioo kikipasuka ndani ya sufuria, maziwa yote mnayamwaga.